Coppi: Milima haikumweza, mbu alimweza

Muulize mama yeyote wa Sindeni, pale kati ya Korogwe na Handeni, mtu akishikwa na homa na kutetemeka afanyiwe nini kwanza. Atakujibu kabla hujamaliza swali: apelekwe akapimwe malaria. Siku za mwisho za Desemba 1959, kaskazini mwa Italia, madaktari walimzunguka mgonjwa mwenye dalili hizohizo, aliyetoka Afrika siku chache tu zilizopita, na wakahangaika na kila kitu isipokuwa malaria. Mgonjwa huyo alikuwa Fausto Coppi, mwanamichezo mwenye jina kubwa kuliko wote nchini mwake. Alikuwa na miaka 40.

Kwa shabiki wa soka ambaye baiskeli kwake ni ya kubebea mkaa na madumu ya maji kwenye vilima vya Handeni, jina la Coppi linaweza kuwa geni. Lakini katika Italia ya baada ya Vita Kuu ya Pili, mwendesha baiskeli alikuwa mtu mkubwa sawa na mchezaji wa mpira, wakati mwingine kumzidi. Watu walilala barabarani milimani ili tu wamwone akipita kwa sekunde tano.

Coppi alizaliwa Septemba 15, 1919, Castellania, kijiji kidogo cha wakulima kilicho juu ya vilima vya mkoa wa Piedmont. Shule haikumkaa. Akapata kibarua kwenye bucha mjini Novi Ligure, kazi yake kusambaza nyama kwa wateja kwa baiskeli. Vilima vikawa mazoezi yake kabla hata hajajua kwamba anafanya mazoezi. Ndugu mmoja wa familia, aliyekuwa baharia, akamchangia pesa za kununua baiskeli ya mashindano.

Mjini humohumo aliishi Biagio Cavanna, mchua misuli aliyekuwa kipofu. Cavanna hakuweza kumwona kijana huyo akikimbia, ila alimpapasa miguu, kifua na mgongo, akajua ameshika dhahabu. Na kweli kwa macho ya kawaida Coppi hakuwa mtu wa kutisha. Miguu mirefu, mabega membamba, kifua kilichotokeza kama cha ndege. Akiwa chini, anatembea, alifanana na korongo aliyepotea njia. Mpandishe kwenye baiskeli, umwelekeze mlimani, ndipo utaona balaa.

Mwaka 1940 timu ya Legnano ilimsajili kwa kazi moja: kumsaidia Gino Bartali. Bartali ndiye aliyekuwa nyota, bingwa wa Tour de France ya 1938. Kwenye mbio za Giro d'Italia mwaka huo mbwa akakatiza barabarani, Bartali akaanguka na kuumia mapema kabisa, na dogo aliyeletwa kubeba maji akachukua uongozi milimani na kuubeba mpaka mwisho. Bingwa wa Giro akiwa na miaka 20. Siku moja baada ya mbio kumalizika, Juni 10, Italia ikaingia vitani.

Vita vikamla miaka yake mizuri. Novemba 1942, Milan ikiwa inashambuliwa kwa mabomu, aliingia uwanja wa Vigorelli na kuvunja rekodi ya dunia ya saa moja kwa kukimbia kilomita 45.798. Rekodi hiyo ilidumu mpaka 1956, ilipovunjwa na Mfaransa Jacques Anquetil. Miezi michache baadaye Coppi alikuwa askari Tunisia, na Aprili 1943 Waingereza wakamteka. Bingwa wa Italia akawa mfungwa ndani ya seng'enge, Afrika. Bara hili lingemwita tena.

Vita vilipoisha alirudi na njaa. Machi 1946, kwenye mbio za Milan hadi San Remo, alichomoka mapema kabisa, akawaacha wote kwenye mlima wa Turchino na kumaliza peke yake. Wa pili alifika dakika 14 baadaye. Ni kama kushinda 7-0 kwenye fainali.

Hapo ndipo Italia ilipogawanyika. Ukitaka kuelewa Coppi na Bartali, fikiria Simba na Yanga, halafu weka siasa na dini ndani yake. Bartali alikuwa mtu wa kanisa, kipenzi cha wazee na wahafidhina. Coppi alionekana mtu wa kisasa, mkimya, anayekula kwa vipimo na kufanya mazoezi kwa hesabu. Waliogopana kiasi kwamba kwenye mbio za ubingwa wa dunia mwaka 1948 huko Uholanzi walibaki wanatazamana tu, kila mmoja akimlinda mwenzake asichomoke, mpaka wakajitoa wote wawili. Chama chao kikawafungia.

Halafu ukaja mwaka 1949. Mei 4 ndege iliyobeba kikosi kizima cha Torino, mabingwa wa Italia, iligonga kilima cha Superga na kuua wote 31 waliokuwamo, nahodha Valentino Mazzola akiwa miongoni mwao. Wiki chache baadaye, nchi ikiwa bado kwenye msiba, Giro ikaanza. Juni 10 msafara ulitoka Cuneo kwenda Pinerolo, mji usio mbali na Torino. Kilomita 254, na katikati kuna milima mitano: Maddalena, Vars, Izoard, Montgenèvre na Sestriere. Barabara nyingi zilikuwa za vumbi na kokoto, baiskeli nzito, gia za kuhesabu.

Coppi alichomoka kwenye mlima wa kwanza. Zilikuwa zimebaki kilomita 192. Mtu mwenye akili timamu hafanyi hivyo; anasubiri, anakula akiba, anapiga mwishoni. Yeye alipanda, akashuka, akapanda tena, peke yake, saa baada ya saa. Bartali alimfukuza nyuma, naye si mtu wa mchezo, lakini alifika Pinerolo akiwa amechelewa kwa karibu dakika 12. Coppi akalichukua Giro, na Julai akalichukua na Tour de France. Hakuna aliyewahi kushinda yote mawili ndani ya mwaka mmoja kabla yake. Akarudia tena 1952.

Picha maarufu zaidi ya mchezo huo ilipigwa kwenye Tour hiyo ya 1952: Coppi na Bartali wanapanda mlima wakipeana chupa ya maji huku magurudumu yanazunguka. Nani alikuwa anampa nani? Waitaliano wanabishania swali hilo mpaka leo, kama watu wa kijiweni wanavyobishania penalti ya mwaka 47.

Kwa jumla alibeba Giro 5, Tour 2, Paris-Roubaix ya 1950 na ubingwa wa dunia wa barabarani wa 1953. Mwaka huohuo, kwenye Stelvio, alimpora Hugo Koblet ushindi wa Giro. Njia ya Stelvio inafika mita 2,758. Hakuna kilele cha Usambara kinachofika huko. Hakuwa malaika, lisifichwe hilo. Alikiri hadharani kutumia vidonge vya kuchangamsha mwili, ambavyo wakati ule havikuwa vimepigwa marufuku.

Na mwili wake ulikuwa mwepesi kuvunjika. Mifupa ilivunjika mara nyingi, akawa anapona na kurudi. Kilichomvunja kweli ni Juni 1951. Mdogo wake Serse, naye mwendesha baiskeli, tairi lake lilinaswa kwenye reli ya tramu huko Torino, akaanguka, akagonga kichwa, akafa usiku uleule. Siku chache baadaye Coppi alipanga mstari Tour de France. Alikuwepo kwa mwili tu.

Baadaye likaja suala la ndoa. Alimwacha mke wake na kwenda kuishi na mwanamke aliyekuwa mke wa mtu, ambaye magazeti yalimwita Bibi Mweupe kwa sababu ya koti lake. Kwa sheria za Italia za wakati ule ugoni ulikuwa kosa la jinai. Mwanamke akaonja jela, Coppi akapewa kifungo cha nje. Waliomshangilia jana wakamzomea leo. Ila hakuacha kukimbia, hata miguu ilipokataa.

Desemba 1959 alialikwa Ouagadougou, mji mkuu wa Upper Volta, nchi inayoitwa Burkina Faso leo, kukimbia mbio za maonyesho kuelekea uhuru wa nchi hiyo. Walikuwepo Anquetil, Raphaël Geminiani na nyota wengine wa Ufaransa. Baada ya mbio wakaenda kuwinda. Coppi na Geminiani walilala chumba kimoja, na mbu usiku huo walikuwa wengi.

Walirudi Ulaya kabla ya Krismasi. Wote wawili wakaanguka kwa homa, kila mmoja nchini kwake. Ufaransa, damu ya Geminiani ilipelekwa kupimwa Paris, vimelea vya malaria kali vikaonekana, akaanzishiwa kwinini. Familia yake ikawapigia simu watu wa Italia: mpimeni Fausto, ni malaria. Madaktari wa Coppi hawakuupa uzito ujumbe huo. Wao walikuwa wanatibu mapafu. Kwinini, dawa iliyokuwa ikiuzwa miaka mingi na isiyo na maajabu yoyote, haikuingia mwilini mwake. Asubuhi ya Januari 2, 1960, Coppi alikata roho hospitalini Tortona.

Mwaka 2002 ulizuka uvumi kwamba alipewa sumu huko Afrika. Waendesha mashtaka wa Tortona walichunguza, wakafunga jalada.

Alizikwa Castellania, maelfu ya watu wakipanda kilima kwa miguu kumsindikiza. Amelala pamoja na Serse, na mwaka 2019, miaka 100 tangu azaliwe, kijiji kikabadilishwa jina na kuitwa Castellania Coppi. Waendesha baiskeli wanapita hapo kila siku, kama wanavyopita kwenye kanisa dogo la Madonna del Ghisallo, juu ya kilima karibu na ziwa Como, ambako baiskeli yake imehifadhiwa pamoja na ya Bartali. Kilele kirefu kuliko vyote kwenye kila Giro kinaitwa Cima Coppi.

Kuhusu kilichomuua, kazi kubwa imefanyika mahali ambapo yeye hakuwahi kupajua. Korogwe, umbali mfupi tu kutoka Sindeni, ilikuwa moja ya vituo viwili vya Tanzania, kingine kikiwa Bagamoyo, vilivyoifanyia majaribio chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto kuanzia 2009. Shirika la Afya Duniani liliipitisha itumike Oktoba 2021.

Bartali, mpinzani wa maisha yote, ndiye angekuwa bosi wa Coppi msimu wa 1960. Walishakubaliana akimbilie timu ya San Pellegrino chini yake. Na Geminiani, aliyeumwa na mbu walewale wa Upper Volta lakini akapimwa damu, aliishi mpaka Julai 2024. Alifariki akiwa na miaka 99.