Binti wa Sultani kwenye baridi ya Hamburg

Wadau, mliowahi kulala Enguserosambu kule Loliondo mnajua baridi ya huko haina utani. Sasa mcheki Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mwaka 1867 aliolewa na Mjerumani Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg, mji ambao kipupwe kikikolea maji yanaganda barafu. Mwaka 1870 mume akagongwa na tramu, akafa. Salme akabaki na watoto watatu wadogo. Arudi kwao? Alishabatizwa, na kaka yake, Sultani Barghash, akamnyima urithi. Basi akakaza roho, akafundisha Kiarabu, wanawe wakakua. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg na kifuko cha mchanga wa Unguja. Wewe unayeota majuu, ungeweza?