Mohamed Amin: Kijana Aliyejifunza Kunasa Kinachopita

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu mashuhuri, mara hii tunamtazama Muislamu mwenzetu aliyezaliwa hapa hapa Kenya. Picha zake zimeonwa na mamilioni ya watu duniani, na wengi wao hata jina lake hawakulijua. Huyu ni Mohamed Amin, mpiga picha, ambaye wenziwe kazini walizowea kumwita Mo.

Vijana wengi wakisikia habari zake husikia mambo ya njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 basi. Lakini mtu hazaliwi akiwa tayari kwa siku kama ile. Hebu tuanze mbali kidogo, tuanze na magari.

KUZALIWA NA KAMERA YA KWANZA

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Watu wake asili yao ni Punjab, na babake alikuwa mfanyakazi wa reli. Nyumbani hakukuwa na utajiri. Mo alipokuwa bado mdogo familia ilihamia Tanganyika, na Dar es Salaam ndiko alikosomea na kukulia.

Alipokuwa na miaka kama 11 alinunua kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha tumika. Kamera hiyo ilikuwa kisanduku tu chenye lenzi moja na kitufe kimoja. Filamu nyingi za kamera za aina ile zilitoa picha 8, na zikisha zimekwisha. Hakuna kufuta na kurudia kama tufanyavyo leo na simu. Kila ukibonyeza ni pesa imekwenda, na mpaka filamu isafishwe hujui umepata nini.

MASHINDANO YA SAFARI

Wakati huo ndipo mashindano ya magari ya Safari yalipoanza. Mara ya kwanza yalifanywa mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalizoeleka kufanywa wakati wa Pasaka, msimu wa mvua za masika, barabara zikiwa ni tope tupu au vumbi tupu. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yaliyomaliza ni 7 peke yake. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 vilevile.

Sisi watu wa Mombasa mambo haya si mageni kwetu. Katika miaka mingi Safari ilifika mpaka hapa pwani. Na mwaka 2003 yalipoanzishwa mashindano ya magari ya zamani, Mombasa ikawa mara nyingi ndipo mahali pa kuanzia au pa kumalizia. Yale makubwa ya dunia yaliondoka Kenya baada ya mwaka 2002, yakarudi 2021 huko Naivasha.

Basi magari hayo yalipofika Tanganyika, Mo akiwa bado mwanafunzi, alikwenda kuyapiga picha. Picha zile ni miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa. Kijana wa shule akajikuta barabarani pamoja na watu wazima wa magazeti, na kile alichokuja kukinasa hakimsubiri mtu.

FUNDISHO LA GARI LINALOPITA

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye siri. Gari likienda kilomita 100 kwa saa linakula kama mita 28 kwa kila sekunde. Kamera za kisanduku zilifungua lenzi kwa muda wa kama sehemu moja kati ya 50 ya sekunde. Utasema ni muda mfupi sana huo. Lakini ndani ya muda huo gari limeshasogea zaidi ya nusu mita! Ukisimama tuli ukabonyeza, utapata barabara nzuri, miti mizuri, na kitu kama moshi katikati.

Wapiga picha wa magari wana njia zao za kushinda jambo hili. Ya kwanza ni kuchagua mahali. Kwenye barabara iliyonyooka gari hukupita mbio, lakini kwenye kona au kwenye dimbwi dereva hana budi kupunguza mwendo. Tena gari linalokuja kuelekea upande wako halichezi sana ndani ya picha kama lile linalokukata ubavuni. Kwa hivyo mpiga picha hufika mapema, akaiangalia njia, akajua gari litapinda wapi na matope yatarukia wapi.

Ya pili ni kuiweka kamera tayari kabla gari halijafika. Unachagua alama barabarani, labda jiwe au ukingo wa dimbwi, unalenga lenzi pale, kisha unangoja gari lije kwenye alama yako. Mwenye kuanza kulenga baada ya kuliona gari, amechelewa.

Ya tatu ni kwenda na gari. Miguu inabaki pale pale, kiuno kinageuka taratibu, na kamera inalifuata gari tangu likiwa mbali. Unabonyeza huku ungali unageuka, na hata ukishabonyeza unaendelea kugeuka. Hapo gari hutoka wazi, na miti ya nyuma ndiyo hugeuka mistari. Mtu akiitazama picha hiyo anaiona mbio kwa macho yake.

Na ya nne ni kubonyeza mapema kidogo. Jicho likiona, mpaka kidole kifanye kazi, wakati umeshapita. Ukingoja uone ndiyo ubonyeze, utapiga picha ya vumbi.

Mambo yote manne yana mzizi mmoja: kutangulia. Uwe umefika kabla, umefikiri kabla na umejiandaa kabla. Ukiyafuatilia maisha ya Mohamed Amin utaliona jambo hili kila mahali.

KUTOKA MAGARI HADI HABARI

Mwaka 1963, akiwa hajatimiza hata miaka 21, alianzisha Camerapix, shirika lake mwenyewe la picha, pale Dar es Salaam. Mwezi Januari 1964 yakatokea mapinduzi ya Zanzibar, naye akawa miongoni mwa waliopiga picha za matukio yale. Mwaka 1966 Zanzibar hiyo hiyo ilimtia gerezani. Alikaa ndani karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa, akarudi Kenya na kuanza upya Nairobi.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi, katika barabara ya Government Road ambayo leo ni Moi Avenue. Mo alifika pale katika dakika chache. Picha alizopata zilimpa tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni huko Uingereza mwaka ule. Watu wengine walisema ni bahati. Lakini mtu ambaye kamera yake ina filamu, gari lake lina mafuta, na njia za mji anazijua zote, bahati humkuta akiwa macho.

Katika miaka ya 1970 alipata pia ruhusa ya kupiga picha za Hija, jambo lililokuwa adimu sana wakati ule. Kitabu chake cha picha za safari ya Makkah kilitoka mwaka 1978. Kwa watu wengi ambao hawajabahatika kufika, na kwa wasiokuwa Waislamu ambao hawaruhusiwi kuingia, picha zile zilikuwa dirisha. Umati wa mahujaji ukizunguka Al-Kaaba nao ni mwendo, ila mwendo wake ni mwingine, nao unataka jicho lenye adabu.

KOREM, OKTOBA 1984

Sasa tufike kwenye kazi iliyomjulisha kwa ulimwengu. Mwezi Oktoba 1984 Mo, akifanyia kazi shirika la habari la Visnews, alikwenda kaskazini mwa Ethiopia pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Walifika mahali paitwapo Korem. Maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika hapo wakitafuta chakula. Ukame na vita vilikuwa vimewamaliza. Kila alfajiri kulikuwa na waliokufa usiku, na jamaa zao wakiwakafini kwa walichokuwa nacho.

Huyu alikuwa mtu aliyejifunza kazi kwa kukimbizana na vitu vyenda mbio. Pale Korem hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukimbia. Waliokuwa mbele yake wamekaa chini, wamejifunika mashuka, wanangoja. Akaiendesha kamera yake polepole, uso baada ya uso, wala hakuharakisha. Kuwahi kulikuja baadaye: picha zile zitoke kwenda London upesi, maana kila siku iliyopita ilikuwa na maiti zake.

BBC ilizionyesha tarehe 23 Oktoba 1984. Baada ya hapo zilionyeshwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Mwanamuziki Bob Geldof alizitazama nyumbani kwake, na kutokana nazo yakaja matamasha ya Live Aid ya tarehe 13 Julai 1985, London na Philadelphia. Misaada ikamiminika. Hatuwezi kuhesabu ni roho ngapi zilisalimika, hesabu hiyo iko kwa Allah. Na hatusemi kwamba misaada iliondoa kila tatizo, maana vita viliendelea. Lakini dunia haikuweza tena kusema haikuona.

Vijana, sisi mwezi huu tunafunga tukijua magharibi ikiingia kuna tende, kuna uji, kuna mbaazi na mahamri mezani. Watu wa Korem njaa yao haikuwa na adhana ya kuimaliza. Ukihisi tumbo linauma saa tisa mchana, wakumbuke.

MKONO, NA NDEGE YA MWISHO

Mwezi Juni 1991 Mo alikuwa Addis Ababa. Ghala la silaha lililipuka, mwenzake wa kurekodi sauti, John Mathai, akafa papo hapo, na Mo akakatika mkono wa kushoto. Mpiga picha bila mkono! Wengi walidhani kazi imekwisha. Akatiwa mkono wa bandia, akajifunza upya namna ya kuishika kamera, na akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya shirika la Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Watu watatu waliiteka angani wakitaka ipelekwe Australia. Rubani aliwaeleza kuwa mafuta hayatoshi, wakakataa kusikia. Mafuta yakaisha kweli, ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, na Mohamed Amin alikuwa mmoja wao, pamoja na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Walionusurika walieleza kwamba katika dakika za mwisho Mo alikuwa amesimama akisema na watekaji. Alikuwa na miaka 53. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mwanawe, Salim Amin, aliiendeleza Camerapix baada yake.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kazi kubwa huanza na kitu kidogo. Kijana wa Kisauni au Likoni mwenye simu ya kawaida leo ana kamera bora mara nyingi kuliko ile Box Brownie. Ukitaka kujaribu, simama mbali na lami, mahali pa salama, ufuate tuktuk au matatu zinazoshuka Changamwe. Chagua alama, geuka nayo, bonyeza mapema. Picha 20 za mwanzo zitakuwa moshi. Usivunjike moyo.

Pili, jitayarishe kabla. Anayengoja aone ndiyo aanze, hubaki na vumbi. Na hii si kwa picha tu, ni kwa masomo, kwa kazi na kwa akhera yetu.

Tatu, jicho ni amana. Siku hizi ajali ikitokea barabarani kila mtu ametoa simu, anapiga maiti na majeruhi, kisha anatuma kwa watu kama mchezo. Mo alipiga picha za wenye kufa ili walio hai wasaidiwe. Kabla hujabonyeza, jiulize picha hii itamfaa nani.

Allah amrehemu Mohamed Amin, awarehemu maiti wetu wote, na atutakabalie saumu zetu. Amin.