Ramadhani 11: Kadhi Shuraih na farasi aliyeumia



Ndugu zangu katika imani, poleni na funga. Jana baada ya tarawehe mmoja wenu alinishika mkono mlangoni akaniuliza: mnyama anachechemea kidogo tu, na mnunuzi mwenyewe hajaona, ni lazima nimwambie? Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu watu walikuwa wanatoka. Leo tukae na swali hilo vizuri, kupitia maisha ya mtu ambaye ukadhi wake ulianzia kwa farasi mmoja aliyeumia.

Jina lake ni Shuraih bin al-Harith al-Kindi. Ni mtu wa Yemen. Alizaliwa kabla ya Uislamu kuenea, na zama za Mtume (s.a.w.) zilimkuta, lakini kauli ya wanazuoni wengi ni kwamba hakupata kumwona. Kwa hiyo anahesabiwa katika Taabiina wakubwa. Hakuwa mtu wa mali wala wa jeshi. Alichojaaliwa ni akili nyepesi na ulimi mtaratibu, na wanasema alikuwa na mizaha pia, mtu wa kuchekesha watu.

Sasa sikiliza. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), naye ni Khalifa, alikuwa katika mapatano ya kununua farasi kwa bwana mmoja. Akamchukua, akampa mtu ampande ili amjaribu. Farasi akaumia. Kuna wanaosimulia kwamba alianza kuchechemea. Umar akataka kumrudisha, mwenyewe akakataa, kwa sababu yeye alitoa farasi mzima.

Hebu pima hapo, ndugu yangu. Upande mmoja ni kiongozi wa dola, upande wa pili ni mtu wa kawaida. Wangapi kati yetu tungesema yaishe tu, mkubwa huyo? Bwana yule hakusema hivyo. Umar naye hakutumia ukubwa wake. Alimwambia achague mtu wa kuwaamua, na aliyechaguliwa na mwenye farasi ni Shuraih.

Shuraih akaangalia jambo moja tu: farasi alikuwa na hali gani alipotoka mkononi mwa mwenyewe? Alikuwa mzima. Basi hukumu ikaenda juu ya Khalifa. Amrudishe mzima kama alivyomchukua, na kama hawezi, abaki naye na alipe. Umar hakukasirika. Alifurahi, na huyo Shuraih akamtuma Kufa kuwa kadhi.

Kufa wakati huo ulikuwa mji mpya, umejaa wanajeshi na makabila tofauti, kila mmoja na kesi yake. Shuraih alikaa kwenye kiti kile miaka ipatayo 60. Umar alifariki, akaja Uthman, akaja Ali, akaja Muawiya na waliomfuata, yeye bado anahukumu. Alijiuzulu katika zama za Hajjaj, mzee sana, na haukupita muda mrefu akafariki, karibu na mwaka wa 78 Hijria kwa moja ya kauli. Wengi wanasema umri wake ulizidi miaka 100.

Kwa nini watu walimwamini muda wote huo? Angalia nyumbani kwake. Mwanawe alimjia siku moja, ana ugomvi na watu, akamweleza kesi yote na kumwomba ushauri: kama haki ni yangu niwashitaki, kama si yangu niache. Baba akamwambia awalete. Walipofika, akahukumu dhidi ya mwanawe! Kijana alilalamika kwamba amemfedhehesha. Shuraih akamfahamisha kuwa angemwambia mapema, yeye angekimbilia suluhu na wale watu, akala sehemu ya haki yao bila wao kujua. Mara nyingine mwanawe huyo alimdhamini mtu, mtu akatoroka. Shuraih akamfunga mwanawe, kisha akahakikisha anapelekewa chakula gerezani. Ubaba ulibaki palepale, na hukumu nayo ikabaki palepale.

Na kuna jambo dogo linalonigusa zaidi. Wanasimulia kwamba paka wake akifa alimzika ndani ya uwanja wake, hakumtupa njiani. Na mfereji wa paa lake aliuelekeza umwage maji ndani kwake, asiudhi wapita njia. Unaona? Uchafu wangu ubaki kwangu, nisimsukumie mwenzangu. Ndiyo ile ile hukumu ya farasi.

Sasa turudi kwa swali la mlangoni. Umar alibeba hasara kwa sababu aibu ilitokea mkononi mwake. Geuza upande wa pili. Kama mnyama ametoka kwako anachechemea, kuchechemea huko ni kwako, hata mnunuzi akishaondoka naye. Mafakihi wamempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akigundua aibu ya zamani aliyofichwa. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa si halali kwa Mwislamu kumuuzia nduguye kitu chenye aibu bila kumbainishia, na kwamba wauzaji wakificha, baraka ya biashara yao hufutwa. Udogo wa kasoro usikudanganye. Kama ni ndogo kweli, kwa nini unaogopa kuitaja?

Nami nikuambie langu, maana sitaki kukuhubiria kama mtu safi. Miaka ya nyuma niliuza pikipiki yangu. Ilikuwa inavuja oili kidogo. Asubuhi ile niliosha injini vizuri, mnunuzi akaja, akaikagua, akalipa. Sikusema uongo hata neno moja. Nilinyamaza tu. Mwaka huo huo nilikuwa nawasomesha watoto wa madrasa mlango wa biashara, nikafika kwa Shuraih na farasi, sauti ikakwama. Nilimtafuta yule kijana. Alikwisha tengeneza kwa pesa zake. Nilimlipa gharama yake kwa mafungu matatu. Alinisamehe, lakini mpaka leo tukikutana namtazama chini.

Kazi yetu ya leo, mimi na wewe: kumbuka kitu kimoja ulichouza na ukanyamaza. Kabla ya magharibi mpigie simu mwenyewe. Mwambie, mlipe au mwombe msamaha. Funga ya mdomo tumeiweza, tuitafutie na funga ya mizani.

Ewe Mola wetu, tutakasie chumo letu, utupe ujasiri wa kusema aibu zetu kabla hazijasemwa Siku ya Hesabu. Amin.

Iftari njema. Ukimaliza kusoma, mtumie na mwenzako anayefanya biashara.