Mtakatifu Giuseppe Moscati, daktari asiyeshika kisu



Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na kuna jambo huwa linaniumiza. Mgonjwa wa kisukari ana kidonda mguuni. Daktari wa upasuaji anasema sukari ishuke kwanza. Wa magonjwa ya ndani anasema sukari haitashuka mpaka usaha utolewe. Kila mmoja anaandika kwenye faili na kuondoka, na mguu unazidi kuoza. Ndiyo maana nampenda sana Moscati.

Alizaliwa Benevento, Italia, tarehe 25 Julai 1880, baba yake akiwa hakimu. Kaka yake Alberto alianguka kutoka kwenye farasi akaumia kichwa, na Giuseppe akamuuguza nyumbani kwa miaka. Hapo akauchagua udaktari, akahitimu Napoli mwaka 1903. Mwaka 1906 volkano ya Vesuvio ilipolipuka, aliwahamisha wagonjwa wa hospitali ya Torre del Greco kabla paa halijaporomoka kwa uzito wa majivu. (Hiyo peke yake ingetosha filamu!)

Mama yake alifariki kwa kisukari mwaka 1914, wakati dawa hakuna. Insulini ilipoanza kutumika mwaka 1922, Moscati akawa miongoni mwa madaktari wa kwanza Italia kuitumia. Fikiria maana yake kwa wapasuaji: mgonjwa ambaye zamani waliogopa hata kumgusa, sasa daktari wa ndani angeweza kumwandaa, akapasuliwa na kidonda kikapona.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Enrico Caruso, mwimbaji maarufu kuliko wote wakati huo. Alikuwa ameshapasuliwa kifuani mara kadhaa New York, akarudi kwao mwaka 1921 bado mgonjwa. Ndugu wawili kutoka Roma, mmoja daktari wa ndani na mwingine mpasuaji, walimpima wakashauri figo itolewe. Akiwa njiani kwenda huko, hali ikabadilika Napoli. Wasimulizi wa maisha ya Moscati wanasema aliitwa, akatambua kuwa tatizo ni jipu chini ya kiwambo cha kifua. Jipu la namna hiyo, enzi zile kabla ya penisilini, lilihitaji kisu tu, tena mapema. Kulitambua ni kazi ya mmoja, kulifungua ni ya mwingine. Muda ulikuwa umekwisha. Caruso alifariki tarehe 2 Agosti, akiwa na miaka 48.

Moscati naye hakuishi sana. Tarehe 12 Aprili 1927, Jumanne ya Juma Kuu, alikwenda Misa, akapita hospitalini, akarudi kuona wagonjwa nyumbani, akaketi kwenye kiti chake akafariki. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1987. Amezikwa kanisa la Gesù Nuovo, Napoli.

Mtakatifu Giuseppe Moscati, utuombee sisi wa wodini.