FOSTER HEWITT, MTU ALIYEONA KWA AJILI YA WENGINE

Wanafunzi wenzetu, sisi wote tunajua ginsi watu wanavyozunguka radio siku ya mechi kubwa. Kiwanja kiko mbali, mpira hatuuoni, lakini mtangazaji akipandisha tu sauti tunaruka wote. Leo tunaeleza maisha ya mmoja wa wale waliofungua njia ya kazi hiyo.

Foster Hewitt alizaliwa Toronto, Kanada, tarehe 21 Novemba 1902. Baba yake aliandika habari za michezo katika gazeti la Toronto Star. Kijana naye akapata kazi pale, kwa sababu gazeti lilikuwa na kituo chake cha radio.

Mchezo wao wa kupendwa ni hoki ya juu ya barafu. Wachezaji sita kila upande wanavaa viatu vyenye chuma chini, wanateleza mbio sana, na kwa fimbo wanapiga kitu kidogo, cha mviringo na bapa, ili kiingie golini. Kinapita upesi hata aliye kiwanjani mara nyingine hakioni. Basi, yule aliyebaki nyumbani je?

Mwanzo wa mwaka 1923 walimtuma Hewitt kutangaza mechi. Hakuwa wa kwanza. Norman Albert alimtangulia kwa siku chache. Walimweka ndani ya kisanduku cha vioo, mkononi simu tu. Pumzi yake ikatia ukungu kwenye vioo, akashindwa kuona vizuri. Lakini hakuiacha kazi ile.

Mwaka 1931 walijenga Toronto jumba kubwa la hoki, Maple Leaf Gardens. Hewitt alitafuta mwenyewe pahali pa kukaa. Aliingia katika nyumba moja ya gorofa nyingi mjini, akawa anatazama wapita njia toka gorofa mbalimbali. Kwenye gorofa ya tano akaona panafaa: pale aliweza kuona njia yote na tena kutambua watu. Kwa hiyo kibanda chake kilitundikwa karibu metre 17 juu ya barafu. Njia ya kufika pale ilitisha, hata George Raft, mcheza sinema wa Marekani, alikataa kuipita.

Toka kibanda kile, kila Jumamosi usiku, sauti yake ilienea Kanada nzima na kuvuka mpaka mpaka Marekani. Goli likiingia alipaza sauti kwa maneno machache, yale yale siku zote: kwamba mtu amepiga, na amefunga. Watoto wakicheza walimwiga.

Halafu televisheni ikaja. Tarehe 1 Novemba 1952 Hewitt alitangaza mechi kwa watazamaji wa Toronto. Mwaka 1957 CBS ya Marekani nayo ilianza kuonyesha hoki kwa nchi yake. Sasa watu waliona wenyewe. Maneno mengi hayakuhitajika tena. Mwaka 1958 Hewitt alimwachia mwana wake Bill televisheni, yeye akarudi kwenye radio, kwa wale wasioona.

Hata hivyo mwaka 1972 walimwita tena kwa mechi 8 kati ya Kanada na Urusi ya Kisovieti. Alikuwa na miaka 69. Tarehe 28 Septemba, mjini Moscow, zikibaki sekunde 34 tu, Paul Henderson alifunga goli la ushindi, 6 kwa 5. Mzee Hewitt ndiye aliyelitangaza kwa Wakanada.

Kibanda chake kilivunjwa na kuchomwa moto mwaka 1979. Yeye alikufa tarehe 21 Aprili 1985.

Wenzetu, kupiga kelele ni rahisi, kila mtu anaweza. Hewitt alitafuta kwanza pahali pa kuonea vizuri, ndipo akasema. Siku darasa litakapotutuma mkutanoni, tukumbuke gorofa ile ya tano. Waliobaki nyuma wana macho yetu tu.