Paul Bomani

Paul Bomani (1925 - 2005) alikuwa kiongozi wa ushirika, mwanasiasa na balozi wa Tanzania. Anakumbukwa hasa kwa kuwaongoza wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa kushika mizani, na baadaye viwanda vya kuchambua pamba.

Maisha ya awali

Alizaliwa Musoma kwa wazazi Wasukuma. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Alisoma Ikizu, akafanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akahamia Mwanza akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika.

Mizani na jineri

Wakati huo pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi, wengi wao wenye asili ya Asia, na wenye jineri walikuwa haohao. Mkulima alifikisha mzigo kituoni, mnunuzi akasoma mzani, basi. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi. Hatua ya kwanza ya wakulima haikuhitaji mashine yoyote: waliweka mpimaji wao, wakamlipa wenyewe, apime mzigo kabla haujafika kwa mnunuzi.

Kutokana na vikundi hivyo Bomani alijenga vyama vya msingi, akizunguka Usukuma kijiji kwa kijiji. Baada ya masomo ya ushirika huko Loughborough, Uingereza, akawa meneja mkuu wa Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyoanzishwa mwaka 1955 makao yake yakiwa Mwanza.

Mzani wa kituoni peke yake haukutosha. Pamba mbegu ikichambuliwa, takriban theluthi moja ya uzito wake huwa nyuzi, na sehemu kubwa ya inayobaki ni mbegu. Anayejua uzito ulioingia kiwandani na uliotoka anaweza kugundua upotevu umetokea wapi. Aliyeko kituoni tu hawezi. Kwa hiyo shirikisho lilianza kumiliki jineri zake, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 karibu pamba yote ya kanda ilipitia kwenye ushirika.

Lakini malalamiko yalirudi, safari hii dhidi ya ushirika wenyewe: makato makubwa, na mizani ileile. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha tangu 1962, alishindwa jimboni kwake. Mwaka uliofuata serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza ushirika na bodi za mazao. Nafasi ya shirikisho ilichukuliwa baadaye na Nyanza Co-operative Union.

Miaka ya baadaye

Rais Nyerere alimteua tena kuwa mbunge na waziri. Alikuwa balozi nchini Marekani kuanzia 1972 hadi 1983, kisha Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi alipofariki. Mdogo wake, Mark Bomani, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.