Mwalimu Nyerere na Halmashauri Alizozifuta

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kujaza fomu ya mkopo wa Bodi anaijua ofisi ya serikali ya mtaa. Unaenda kwenu Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Kimara, unamtafuta mtendaji, unakaa kwenye benchi ukisubiri, unagongewa mhuri, basi. Wengi wetu haturudi pale mpaka siku tunayohitaji barua nyingine. Lakini wenzangu, juu ya ofisi ile kuna halmashauri, na halmashauri hizi ziliwahi kufutwa nchi nzima, zikakaa miaka bila kuwepo, kisha zikarudishwa. Aliyezifuta na aliyezirudisha ni mtu mmoja, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Wengi wetu hapa chuoni tumezaliwa baada ya yeye kufariki mwaka 1999. Tunamjua kwa Azimio la Arusha, kwa Vita vya Kagera na kwa ile picha iliyotundikwa maofisini. Sehemu hii ya maisha yake haisimuliwi sana. Kwa sisi tunaosoma ualimu inatuhusu moja kwa moja, maana wengi wetu tukipata ajira ya serikali tutapangiwa halmashauri.

Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Kwa hiyo serikali ya mitaa aliikuta nyumbani. Mwaka 1926, yeye akiwa na miaka minne, Gavana Cameron alitunga sheria iliyowafanya machifu kuwa mkono wa serikali ya kikoloni. Chifu alikusanya kodi, alihukumu kesi ndogo, na alipokea amri kutoka kwa bwana mkubwa wa wilaya. Mtoto wa chifu alikuwa na nafasi ya kuona mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliona wazee wakikaa na kuzungumza jambo mpaka wakubaliane, kitu alichokisifu maisha yake yote. Aliona pia kwamba wakubwa wa baba yake walikuwa watu ambao wananchi hawakuwachagua.

Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, akaendelea Tabora, kisha Makerere alikosomea ualimu kuanzia 1943 hadi 1945. Alifundisha St. Mary's Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na shahada. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Leo Pugu unafika kwa daladala, lakini wakati ule ilikuwa porini kabisa. Mwalimu alikuwa akitoka kule kuja mjini kwenye mikutano, kwanza ya TAA ambayo alichaguliwa kuwa rais wake mwaka 1953, kisha ya TANU iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Machi 1955 aliacha kazi ya ualimu ili afanye siasa. Baadaye aliishi Magomeni, na nyumba ile leo ni makumbusho. Ukipita maeneo yale ingia, kiingilio hakimshindi mwanafunzi mwenye bumu.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa na baraza la manispaa tangu 1949, lakini Waafrika ndani yake walikuwa wachache mno. Waliojaa Magomeni, Kariakoo, Ilala na Temeke hawakuwa na sauti kwenye chombo kilichoamua barabara ipi iwekwe taa na mtaa upi uchimbiwe mfereji. TANU ilipata nguvu kubwa kwenye mitaa hiyo hiyo, pamoja na akina mama waliohamasishwa na Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na mwana-TANU, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Desemba 1961 nchi ikapata uhuru na mji ukapewa hadhi ya Jiji. Mtu wa Magomeni angeweza kusema kwamba sasa na mimi nina serikali ya kwangu hapa hapa.

Mwanzoni Mwalimu alizijenga serikali za mitaa. Januari 1962 alijiuzulu uwaziri mkuu akazunguka nchi kukiimarisha chama, na Desemba mwaka huo akawa Rais wa Jamhuri. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Mtoto wa chifu ndiye aliyeufuta, na mahali pake zikawekwa halmashauri za wilaya zenye madiwani. Halmashauri hizo zilipewa mzigo mkubwa: shule za msingi, zahanati, barabara za wilaya, visima. Huku chini kabisa TANU ikaweka mabalozi wa nyumba kumi kumi, ambao mpaka leo wazee wetu bado wanawaita wajumbe.

Tatizo likaja kwenye pesa. Watoto wa kusoma waliongezeka, na wananchi baada ya uhuru walidai kila kitu, na walikuwa na haki ya kudai. Halmashauri zilitegemea kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Ukusanyaji ulikuwa mgumu, wataalamu walikuwa haba, na wizi haukukosekana. Serikali Kuu ikaona bora kuwapunguzia. Kodi ya kichwa ikaondolewa mwaka 1969, ushuru wa mazao ukafuata mwaka 1970, na huduma kubwa kama elimu ya msingi, afya na barabara zikachukuliwa na wizara. Mwananchi alifurahi, nani asifurahi kuondolewa kodi? Lakini tuseme ukweli, halmashauri ilibaki jina tu. Diwani alikuwa na kiti na hakuwa na hela. Hapa naomba msomaji usimame kidogo, maana tumezoea kusoma kwamba serikali za mitaa zilikufa mwaka 1972. Mimi naona zilianza kufa miaka mitatu kabla, siku zilipoondolewa mapato.

Mwaka 1972 ndipo ikaja Madaraka Mikoani. Serikali iliwaita washauri wa kampuni ya McKinsey kutoka Marekani, na mpango ukatengenezwa. Nia ya Mwalimu ilikuwa njema na alieleza wazi: hakutaka mtu wa Kigoma asubiri kibali cha daraja kutoka kwa karani wa wizara aliyekaa Dar es Salaam. Alitaka maamuzi yasogee karibu na mkulima. Kwa hiyo wataalamu walihamishiwa mikoani, wakawekwa Wakurugenzi wa Maendeleo wa mikoa na wilaya, na bajeti zikaanza kupangiwa huko. Halmashauri za wilaya zikafutwa. Za miji nazo zikafuata muda mfupi baadaye, pamoja na Jiji la Dar es Salaam lenye meya na madiwani wake.

Kwenye karatasi madaraka yalikuwa yameshuka. Kiuhalisia walioshuka ni maofisa. Mkurugenzi aliyepelekwa wilayani aliteuliwa na Serikali Kuu na aliwajibika huko huko juu. Mwananchi wa Temeke akiona shimo la taka limejaa hakuwa tena na diwani wa kumfokea. Angeweza kwenda kwa ofisa, na ofisa angemsikiliza au asimsikilize, kura yake haikuwa na uzito pale.

Miji ndiyo iliumia zaidi. Mpango mzima ulifikiriwa kwa ajili ya vijijini, na mji ukawa kama mtoto wa kambo. Kumbuka kwamba Dar es Salaam haikusimama kusubiri mpango ukae sawa. Sensa ya 1967 ilihesabu watu kama 356,000 katika Dar es Salaam, na ya 1978 ilihesabu 843,000. Manzese, Buguruni, Keko na Vingunguti zilijaa katika miaka hiyo hiyo ambayo hapakuwa na baraza la jiji. Barabara zilichakaa, taka hazikuzolewa, mifereji iliziba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kilisambaa nchini, na ugonjwa huo hauna mchezo na mji wenye maji machafu. Watu wa pembezoni, ambao nyumba zao hazikuwa hata kwenye ramani, hawakuwa na mahali pa kupeleka kilio.

Sasa hapa ndipo ninapomheshimu zaidi Mwalimu. Hakusubiri afe ndipo wengine wasahihishe. Mwaka 1978 ilipitishwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982, yeye akiwa bado Rais, Bunge lilipitisha sheria mbili, Namba 7 ya mamlaka za wilaya na Namba 8 ya mamlaka za miji, ambazo kwa marekebisho mengi zinatumika mpaka leo. Mwaka 1984 halmashauri zilikuwa kazini tena. Mwaka huo huo Katiba ilirekebishwa na serikali za mitaa zikawekewa ibara zake, 145 na 146, kusudi asitokee mtu akaamka asubuhi na kuzifuta nchi nzima kwa sheria ya kawaida. Alipokaribia kung'atuka, alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa, pamoja na kuvunja vyama vya ushirika mwaka 1976, yalikuwa makosa ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Novemba 1985 akaachia urais akaenda zake Butiama.

Kuna watakaosema kukiri hakukumgharimu kitu, kwa kuwa alikuwa anaondoka. Hoja hiyo ina uzito kidogo, lakini sheria za 1982 alizisaini kabla hajaondoka, wakati nchi ina njaa ya fedha za kigeni na imetoka vitani Uganda. Angeweza kabisa kumwachia mrithi wake kazi ile. Mwalimu wa darasani anajua ilivyo vigumu kufuta ubaoni kitu ulichokiandika mwenyewe wakati wanafunzi 60 wanakutazama. Yeye alifuta mbele ya nchi.

Aliishi miaka 14 baada ya kung'atuka, na aliona Dar es Salaam ikitikiswa tena. Mwaka 1996 Serikali ilivunja Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya utendaji mbovu na ikaweka Tume ya Jiji. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, Tume ikiwa bado kazini. Mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na Halmashauri ya Jiji juu yake. Baadaye Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni, Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika mkoa huu, na wanagawanywa kwenye halmashauri tano.

Kila mpaka unapohamishwa tunabishana majina: nani jiji, nani manispaa, meya yupi avae joho. Maisha ya Mwalimu yanatufundisha tuangalie kwanza mfuko. Kodi ya majengo, ambayo ilikuwa chanzo kikubwa cha mapato ya manispaa zetu, mwaka 2016 ilihamishiwa TRA, na tangu 2021 tunakatwa kwenye LUKU. Hata mpangaji wa chumba kimoja Mbagala anaikuta humo anaponunua umeme. Ruzuku ya elimu bila malipo nayo inatoka Serikali Kuu moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Sisemi kwamba mipango hii haina faida. Kulipa kwenye LUKU ni rahisi kweli, na pesa kufika shuleni bila kupitia mikono mingi kuna uzuri wake. Ninachosema ni kwamba mwaka 1969 nako kulikuwa na sababu nzuri. Diwani akishakosa cha kugawa, siku akishindwa kuziba shimo la barabara tutasema hafai, na baada ya hapo haitakuwa kazi kubwa kumshawishi mtu kwamba hata halmashauri haifai.

Wenzangu wa ualimu, miaka michache ijayo tutakuwa Chanika, Kibada, Goba au wilaya za mbali tusizozijua, tukimsubiri mkurugenzi asaini posho ya kujikimu na tukiuliza madawati yako wapi. Uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita ulikuwa Novemba 2024, na ujao unatarajiwa 2029. Tusisubiri mpaka huo. Vikao vya baraza la madiwani kwa kawaida viko wazi kwa wananchi, na bajeti ya halmashauri hupitishwa pale kila mwaka. Nendeni mkakae nyuma, msikilize kifungu cha mapato ya ndani kinaposomwa, mwandike ni shilingi ngapi na zimetoka wapi. Halafu rudini na takwimu hizo tuzijadili hapa.